Matanga Katika Chumba cha Kufulia

Wenzangu mliobaki nyuma ya dawati, siku ya kuniaga mlinipa keki, maua na vocha ya kukandwa mgongo, kisha mkaniomba niandike mambo machache niliyojifunza kazini. Nyinyi vijana wa kwetu, mlioajiriwa juzi juzi katika maktaba za jiji hili, mkasema niandike kwa Kiswahili ili wakubwa wasielewe. Nimekubali, ila nawaonya mapema kwamba sina siri yoyote ya wakubwa. Siri zao zote walizituma kwa barua pepe kwa wafanyakazi wote, pamoja na viambatisho.

Vyeo sitavizungumzia, kwa kuwa nilianza nikiwa msaidizi wa maktaba na nikastaafu nikiwa msaidizi wa maktaba. Mshahara nao mnaujua wenyewe. Nitaanza na siku ya kwanza.

Kabla ya hapo nilikuwa nasafisha wodi katika hospitali kubwa kule Flemingsberg, mpaka magoti yakakataa. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili ofisi ya kazi ikanipeleka kujaribiwa katika maktaba moja ndogo ya mtaa kusini mwa Stockholm, si mbali na kwangu Rågsved. Nilivaa suti yangu ya harusi za watu na viatu vya kisigino. Nilipoingia nikamkuta mama mmoja wa makamo amelala chali sakafuni, miguuni ana soksi za sufu, anakaza gurudumu la toroli la vitabu. Nikamwambia kwa heshima kwamba namtafuta mkuu wa maktaba. "Ni mimi. Niite Gunvor," akasema. "Hebu shika hapa." Nikashika. Suti ikapata doa la grisi ambalo liko hadi leo.

Kumwita mkuu wangu Gunvor, hivi hivi, bila Bi wala Mama, kulinichukua mwaka mzima. Mdomoni nilisema Gunvor, moyoni nilisema Mama Gunvor, na naamini alilisikia lile la moyoni. Alinifundisha kazi bila kunifundisha. Nilimwona tu. Mtu akikaribia dawati, Gunvor alikuwa anaondoa mikono yote miwili kwenye kompyuta na kuiweka mezani, kama mtu anayetaka kuonyesha kwamba hana silaha. Wateja wakatulia. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuja kila asubuhi kuuliza treni ya Nynäshamn inaondoka saa ngapi, naye Gunvor alimtafutia kila asubuhi, kana kwamba ratiba inaweza kuwa imebadilika usiku. Yule mzee hakuwahi kusafiri popote.

Siku hizo mafunzo yalikuwa jambo la furaha. Ulipewa tiketi ya treni, ukapelekwa kwenye nyumba ya mikutano kando ya ziwa, ukasikiliza mhadhara mmoja juu ya uainishaji wa vitabu, halafu ukala samaki wa siki aina tano. Nilijifunza mengi pale, hasa juu ya samaki. Kisha ikaja barua kutoka juu: kuanzia sasa mafunzo ya wafanyakazi wote wa maktaba yatafanyika kwa njia ya mtandao, ili kila mmoja ajifunze kwa wakati wake na kwa kasi yake. Samaki hawakutajwa.

Kozi ya kwanza ilihusu mashine mpya za kujihudumia, zile ambazo mteja anaazima mwenyewe bila kuona uso wa mtu. Kila mfanyakazi alipaswa kukaa peke yake, avae hedifoni, asome, abonyeze "Endelea", ajibu maswali. Gunvor akaona upuuzi. Kwa nini watu wakae peke yao wakati kuna fika? Nyinyi mnaijua fika, kahawa na kitu kitamu, watu wote pamoja, saa ile ile, hata jengo likiwaka moto. Basi tukaiburuta kompyuta hadi jikoni, tukaiweka kati ya maandazi ya mdalasini, na kila swali tukalipigia kura. Tulipomaliza jibu moja tukalinakili kwa jina la kila mtu. Wiki iliyofuata mwendesha kozi akapiga simu, anauliza kwa upole sana inawezekanaje wafanyakazi wote wa tawi letu wamekosea maswali yale yale, na kwa nini jibu la swali la mwisho kwa kila mtu ni "Lennart hakubali".

Lennart ndiye mwenzetu wa tawini aliyekuwa amekataa kura ilipopigwa. Hadi leo sijui swali lenyewe lilikuwa nini.

Gunvor akastaafu, akaja mkuu mwingine, mtu mwema mwenye kompyuta mbili. Na mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi hivi ikaja kozi ile kubwa, ambayo ndiyo sababu hasa ya mimi kukubali kuandika. Ilikuwa juu ya kile Waswidi wanachokiita bemötande, yaani namna unavyompokea mtu anapokuja mbele yako: uso wako, sauti yako, jinsi unavyomkalisha. Kozi nzima ya kupokea watu, na ndani yake humwoni mtu hata mmoja. Nilicheka peke yangu mpaka mkuu akaniuliza kama hedifoni zina hitilafu.

Kicheko kiliisha niliposoma masharti. Kuanzia Januari, msaidizi asiye na shahada ya ukutubi angeruhusiwa kukaa kwenye dawati la maelezo ikiwa tu amefaulu kozi hii. Asiyefaulu angehamishiwa kwenye ghala la vitabu, chini ya ardhi, kupokea makreti na kupanga. Sisemi kazi ya ghala ni mbaya. Nasema mimi bila watu nakauka. Pale dawatini ndipo nilipokuwa mtu. Kule hospitali nilipita na ndoo miaka kadhaa na wengi walinyanyua miguu bila kunyanyua macho. Dawatini watu waliniuliza, na mimi nikajua. Kunitoa pale kungekuwa kunirudisha kwenye ndoo, na nilikuwa tayari kupigana.

Tuligawanywa katika vikundi vya watu watatu watatu. Cha kwetu kilikuwa na mimi, Håkan wa maktaba moja karibu na Akalla, na Ann-Britt aliyeishi Flemingsberg. Hatukuwahi kuonana. Kila mmoja alikuwa na picha ndogo kwenye mfumo: Ann-Britt alikuwa amegeuza kichwa, unaona sikio na hereni, na picha ya Håkan ilikuwa uyoga.

Nikaanza kwenye jukwaa la kozi, kule mtandaoni, kama mtu aliyelelewa. Hamjambo wote, natumaini mko salama na familia zenu, huku Rågsved tunamshukuru Mungu, theluji bado, binti yangu Mutheu anasomea uuguzi na anaendelea vizuri. Håkan akajibu: "Hej. OK." Ann-Britt hakujibu siku hiyo. Kesho yake nikakuta aya nzima: huko kwao pia hakuna theluji, familia yake ni mama yake tu, wanaishi pamoja, mama amepita miaka tisini na amegoma kula samaki. Tangu siku hiyo, kila tulipoandikiana juu ya moduli fulani, chini kabisa aliweka habari za mama. Mama amekubali samaki aina ya makrili. Mama ameyakataa makrili. Mama anakusalimu, anauliza Kenya kuna viazi. Nikajibu viko, tena vingi, nami namsalimu. Håkan alituwekea alama ya kidole gumba.

Kazi ya mwisho ilikuwa igizo la pamoja. Mmoja awe mkutubi, mmoja awe mteja mwenye hasira, wa tatu arekodi kupitia kamera za kompyuta, na mkutubi aonyeshe zile hatua nne za kozi: kumwona mgeni, kumsikiliza, kuthibitisha hisia zake, kutatua. Kikundi kizima kiwe kwenye rekodi. Siku ya mwisho ya kutuma, Jumatatu fulani ya Novemba.

Wiki moja kabla ya hapo Ann-Britt akaandika jukwaani: "Mama amefariki Jumanne. Nitachelewesha sehemu yangu. Samahani kwa usumbufu."

Nilisoma mara mbili. Samahani kwa usumbufu! Mtu kafiwa na mama mzazi, anatuomba radhi kwa kuchelewesha igizo. Chini yake wengine wa kozi walikuwa wameshaandika, kila mmoja mstari mmoja, beklagar sorgen, ndiyo pole yao. Pernilla, mwendesha kozi, aliandika pole na kuweka moyo mwekundu, halafu kwenye aya ya pili akaeleza kwamba tarehe haiwezi kusogezwa, lakini mfumo una njia kwa ajili ya hali kama hizi.

Njia yenyewe ilikuwa kitufe cha kijivu kilichoandikwa "Ondoa mwanakikundi". Wawili wakikibonyeza, wa tatu anatolewa na wawili wanaendelea. Aliyetolewa ataomba kozi tena mwaka ujao, na Januari anashuka ghalani. Nilipofungua ukurasa, pembeni ya kitufe palikuwa pameandikwa: "Mmoja kati ya wawili amekubali." Uyoga ulikuwa umeshapiga kura.

Nilimpigia Ann-Britt simu, haikupokelewa. Nikapiga tena kesho yake. Nikakaa mbele ya ile skrini, kiganja kwenye kipanya, na sitawaficha kwamba niliogopa. Nikibonyeza, dawati ni langu. Nisipobonyeza, na yeye asirudi, tunaanguka wote watatu. Hasira nayo ilikuwepo, lakini sikujua nimkasirikie nani, kwa kuwa kitufe hakina wazazi.

Jumamosi asubuhi tulikuwa na ushirika wetu wa Kiswahili katika ukumbi wa kuazima pale Rågsved: sisi Wakenya wachache, Warundi, Wanyarwanda, Wakongomani wawili watatu. Kiongozi wa akina mama alikuwa Mama Consolata, Mrundi, mpishi katika shule ya msingi, mwanamke ambaye hata wachungaji walikaa sawa anapoingia. Nikamweleza, nikidhani ataniombea tu.

"Mama Mutheu," akasema, "mutu amefiwa na mama yake, na nyinyi munamuandikia?"

"Dada, hawa si kama sisi. Mtu akifiwa wanamwacha apumzike."

"Apumzike na nani?"

Kisha akauliza Ann-Britt anaishi wapi. Sasa, hii ndiyo nchi ambayo hakuna anayekutembelea bila ahadi ya wiki tatu, lakini anwani ya kila mtu, na ghorofa anayokaa, iko wazi mtandaoni kwa yeyote anayetaka. Dakika chache tukawa nayo. Wali wa mchana, uliokuwa wa ushirika, ukafunikwa. Chai ikarudishwa kwenye chupa. Binti yangu Mutheu aliposikia tunakokwenda akanijibu kwa Kiswidi, kama anavyojibu mambo yote mazito, "Mamma, så gör man inte," mama, hivyo havifanywi, huku ananyanyua chupa mbili za chai na kutafuta koti lake.

Tulikuwa watu tisa na sufuria mbili. Kwenye treni ya Flemingsberg watu walitupisha, nadhani kwa sababu ya harufu ya karafuu. Mlango wa jengo ulitaka namba ya siri, nasi hatukuwa nayo, basi tukasimama nje kwenye baridi, Mama Consolata akianza wimbo wa kutupasha moto, mpaka akatoka kijana na mfuko wa taka akatushikilia mlango. Alitutazama kama mtu aliyefungulia mto.

Ann-Britt alifungua mlango wake kidogo tu, mnyororo ukiwa umefungwa. Nilimtambua kwa hereni. Alikuwa mwanamke mwembamba, nywele hazijachanwa, mkononi amebeba kikapu kikubwa cha shuka.

"Nilikuwa nimeweka miadi?" akauliza.

"Ann-Britt, ni mimi Beatrice. Wa kikundi. Tumekuja kukupa pole."

Akanitazama, akawatazama wengine wanane, akazitazama sufuria. Nikaona kwamba Mutheu alikuwa amesema kweli, hivyo havifanywi.

"Mmekuja wote," akasema polepole. Halafu uso wake ukajaa hofu ya kweli. "Lakini nina zamu ya kufua! Saa tisa mpaka saa kumi na moja. Nikiikosa, nyingine ni wiki ijayo."

Nyinyi mnaokaa kwenye majengo haya mnaelewa. Waswidi wanaweza kukusamehe mengi, lakini zamu ya chumba cha kufulia ni kitu kingine. Nikamtafsiria Mama Consolata. Yeye hakuona tatizo lolote. "Kule kwenye kufua kuna nafasi ya kukaa?" akauliza, na kabla sijajibu alikuwa ameshakichukua kile kikapu kutoka mkononi mwa Ann-Britt.

Ndivyo tulivyofanya matanga katika chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo la ghorofa, Flemingsberg, Jumamosi ya Novemba, nje kumeshaanza giza ingawa ni mchana. Kuna mashine mbili, kabati la kukaushia na meza ndefu ya kukunjia nguo. Ukutani pana tangazo lenye herufi kubwa: SAFISHA CHUJIO. Sufuria zikakaa mezani. Watu wakakaa juu ya vikapu, juu ya ngazi, Mutheu juu ya mashine iliyokuwa inazunguka, akitetemeka nayo. Tukaomba, tukaimba kwa sauti ya chini. Ann-Britt alisimama katikati akitueleza mashine ipi ina tabia ya kula soksi. Hakulia. Alisema alikuwa amekaa siku zote hizi bila kuongea na mtu, ila mara moja alizungumza na mtu wa mazishi, naye alimuuliza atataka kahawa ya watu wangapi.

Shuka zilipokauka, Ann-Britt akashika ya kwanza kwa ncha mbili akabaki amesimama, hajui aipeleke wapi. Mama Consolata akashika ncha nyingine mbili. Wakaivuta, wakaikunja, wakasogeleana mpaka mikono ikagusana, kama shuka inavyokunjwa na watu wawili mahali popote duniani.

"Hizi ni za kitanda chake," Ann-Britt akasema. "Tulikuwa tunakunja mimi na yeye."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, akiwa amemwegemea Mama Consolata, ambaye lugha yao ya pamoja ilikuwa maneno machache tu ya Kiswidi, na sisi tukalia naye. Mimi nililia zaidi kuliko nilivyotarajia, maana ule mkono wangu juu ya kipanya ulikuwa unanijia machoni.

Alipojifuta akala sahani nzima ya wali, akaongeza, na ghafla akaacha kutafuna. "Jumatatu!" akasema. "Igizo!" Nikamwambia aliache. Hapana, akasema, mama alikuwa akimuuliza kila siku habari za kikundi, na yeye hataki kuondolewa. Alilitamka hilo neno "kuondolewa" huku anatazama sahani. Kumbe mfumo ulikuwa umemtumia barua pepe siku ile ile: "Mwanakikundi mmoja amependekeza uondolewe. Endelea kujifunza!"

Akapanda juu akarudi na laptopu yake, tukaiweka mezani kati ya sufuria na shuka, tukampigia Håkan. Akatokea. Hakuwa uyoga. Alikuwa jitu lenye ndevu nyekundu na macho ya mtoto, amekaa jikoni kwake Akalla peke yake na kikombe kimoja.

"Hej," akasema. Akasogea karibu na kamera. "Ni akina nani hao?"

"Ni msiba," nikasema.

"Ninyi wote?"

"Håkan," Ann-Britt akasema, "nilipata ile barua ya kitufe."

Jitu likawa jekundu mpaka huwezi kujua ndevu zinaanzia wapi. "Ni mfumo," akasema. "Ulikuwa unauliza tu, nikabonyeza."

"Anasema nini?" Mama Consolata akauliza. Nikamtafsiria. Akainama mbele ya kamera, akamtazama Håkan kwa muda mrefu kama anavyowatazama watoto wa shule wanaobakiza mboga, kisha akasema kwa Kiswidi chake cha jikoni, "Wewe unakula?" Håkan akakiri kwamba bado. Nadhani ilikuwa kwa kujinusuru kwamba akasema haraka, "Turekodi sasa?" na akabonyeza.

Igizo lilikuwa aibu. Mimi nilikuwa mkutubi nyuma ya meza ya kukunjia. Ann-Britt, mteja mwenye hasira, alisimama mbele yangu na macho mekundu akasema kwa upole, "Nimekasirika kidogo." Nikamwambia namwona na namsikiliza. "Asante," akasema, "sasa imepungua." Håkan alikuwa anaguna kwenye spika.

Saa kumi na moja kamili mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Akaingia mzee mrefu na kikapu chake kifuani, na akasimama. Aliona watu kumi, sufuria, chai, na msichana juu ya mashine.

"Hii ni zamu YANGU!" akasema. "Saa kumi na moja! Imeandikwa! Hiki si chumba cha sherehe! Nitaandikia kamati ya jengo!"

Mimi, niliyesoma moduli zote za kupokea watu wenye hasira, nilifungua kinywa na sikutoa hata neno. Ann-Britt alijificha nyuma ya shuka. Mama Consolata ndiye aliyemwendea. Kwanza akamtazama, akamwacha aseme yote mpaka mwisho, zamu, kamati, sheria, bila kumkata. Kisha akatikisa kichwa akasema kwa kile Kiswidi chake, "Ja. Ja. Kukasirika ni kweli," akampokea kikapu, akampa sahani ya wali na kijiko. Hatua nne, kwa mpangilio wake.

Mzee akabaki ameshika sahani. "Lakini ni nini hiki?" akauliza, sauti imeshuka.

"Mama yake na Ann-Britt amefariki," nikasema.

"Ingrid?" Akamtafuta Ann-Britt kwa macho, akampata nyuma ya shuka. "Ingrid wa ghorofa ya tatu? Lini?"

"Jumanne ya wiki iliyopita, Bosse," Ann-Britt akasema.

Bosse akaketi juu ya kikapu chake cha nguo chafu. Halafu akatuambia kwamba Ingrid alikuwa na zamu kabla ya yake tangu jengo lilipokuwa jipya, na siku zote aliliacha chujio safi. Kila Jumamosi Bosse alikuwa akilifungua, na akiona ni safi anajua bibi yuko mzima. "Wiki iliyopita lilikuwa chafu," akasema, "nami nikakasirika." Akaanza kula, machozi yakimdondokea kwenye wali, na Mama Consolata akamwongezea pilipili, ambayo hakuwa ameiomba.

Nguo zake zilifuliwa, wengi wakisaidia. Wanawake wawili walikunja hata soksi. Tulipokumbuka laptopu, Håkan alikuwa bado yuko kwenye skrini, amekaa vile vile, kikombe kimepoa. "Nimerekodi," akasema. Akakohoa. "Sikuzima."

Tukaituma hiyo. Hatukuwa na nyingine. Håkan akabonyeza kuondoa kura yake, mfumo ukamuuliza kama ana uhakika, akasema kwa sauti, peke yake jikoni kwake, "Ndiyo, ndiyo, ndiyo," mpaka ukakubali.

Majibu ya Pernilla yalikuja baada ya wiki mbili na ninayakumbuka vizuri: kikundi kimefaulu, hatua ya tatu, kuthibitisha hisia za mgeni, imeonyeshwa kwa namna ambayo hajawahi kuiona katika kozi, ila ana swali, yule mwanamke mwenye sahani yuko kikundi gani, maana hamwoni kwenye mfumo? Nilipomsomea Mama Consolata alidai cheti chake, na amekidai kila mwaka mpaka leo. Mimi nilikaa dawatini Januari ile na nikabaki dawatini mpaka mliponipa ile keki. Ann-Britt naye alibaki kwenye dawati lake.

Lakini ninachotaka mkijue, nyinyi mtakaopewa vitufe vya kijivu na mifumo inayouliza tu, si kufaulu kwetu. Ni mazishi. Hapa mazishi huja wiki kadhaa baadaye, na waombolezaji hujiandikisha kwanza kwa mtu wa mazishi, kama wanaokwenda mkutanoni. Ann-Britt alikuwa amemwambia aandike kahawa ya watu wanne. Akapiga simu tena kuomba aongeze, ushirika mzima, na Bosse. Siku yenyewe theluji ilikuwa imeshuka. Tulisimama nje ya kanisa dogo la makaburini tukikung'uta viatu, nikamwona anakuja kutoka upande wa kituo, taratibu, anatazama chini asije akateleza, jitu lenye ndevu nyekundu ndani ya suti nyeusi iliyombana. Alikuwa amevuka jiji zima kutoka Akalla, kutoka mwisho wa njia ya buluu ya treni za chini ya ardhi hadi huku kusini, akiwa amekumbatia sufuria iliyofungwa kwa taulo.

Sisi watatu hatukuwahi kusimama mahali pamoja. Tukasimama hapo, hatujui tushikane mikono au nini, na mikono yake haikuwa na nafasi.

"Sikujua kama ni lazima," Håkan akasema, akimnyooshea Ann-Britt ile sufuria. "Nimepika viazi."

Ann-Britt akaipokea kwa mikono miwili. Mama Consolata akasogea, akafunua kidogo mvuke ukatoka, akachovya kijiko alichokuwa nacho kwenye mkoba, maana yeye kijiko hakimkosi, akaonja, akafikiri.

"Chumvi hakuna kabisa," akaniambia. "Lakini amekuja."